Unga Ulioonja Hewa

Kwa nje lilikuwa jengo la heshima zake, lenye maua mlangoni. Ndani watu wazima na shahada zao walikuwa wakitwanga na kuoka kutwa nzima, kama wanasubiriwa na mama mkwe. Ndiyo maabara hiyo. Na mtu wa tanuri, waliyemwita Mpishi, alikuwa kasimama mbele ya Profesa, mikono nyuma, kama mume aliyetumwa unga akarudi na gazeti.

Kosa lake lilikuwa kidonge. Kidonge cheusi cha bismuthi na teluri, madini yaliyosagwa yakawa unga, kisha unga ukaokwa huku umegandamizwa, hadi chembe zikashikana bila kuyeyuka. Kazi ya kidonge ni moja tu: upande huu ukipata moto na ule ukabaki baridi, kitoe umeme. Hiki walikipasha. Mshale wa mita ukajikuna kidogo, ukalala.

"Umeunguza," Profesa akasema. "Moto ukizidi, chembe zinanenepa, joto linapita kama liko barabara kuu, upande wa baridi nao unapata moto. Kesho tanuri nampa mwingine. Wewe utaosha chupa."

Mpishi akalitupia tanuri jicho. Tanuri lile alilijua kuliko alivyomjua mkewe, na mkewe alishamwambia hivyo, tena bila kucheka.

"Mama Profesa, kitendawili!" Mpishi akasema ghafla.

"Huu si wakati wa..."

"Kitendawili!"

Profesa alilelewa na bibi, mdomo ukamponyoka. "Tega."

"Nyumba yangu ina milango elfu. Mwepesi anapita, mwenye mizigo anarudishwa."

"Chembe ndogo hizo. Umeme unapita, joto linakwama mipakani. Si nimekufundisha mwenyewe?"

"Basi tukivunje, tuone nani kanenepa."

Wakakivunja, wakachungulia kwa hadubini. Chembe zilikuwa ndogo kama dhambi za mtoto. Profesa akaguna. Moto haukuzidi. Lakini kama joto limekwama na umeme nao umekwama, basi ubaya ulianzia kwenye unga.

Mpishi akageuka. Unga ule ulisagwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeitwa Kinu kwa sababu hata mashine haikumshinda kelele. Leo Kinu alikuwa dirishani tangu aingie, barakoa imempanda hadi machoni, anajibu kwa kichwa.

"Shemeji, unga uliufungulia ndani ya sanduku?" Yaani lile sanduku lisilo na hewa, unaloingiza mikono kwenye glavu zake nene.

Kichwa kikakubali.

"Sema kwa mdomo."

Kichwa kikakataa.

"Dada yako ananiambia jana mumeo kakufukuza chumbani, ukalala sebuleni."

"Mwongo mkubwa! Nilitoka mwenyewe!" Barakoa ikashuka.

Loo! Chumba kikajaa kitunguu saumu. Na hakuna aliyekuwa amekula. Pale kila mtu anajua: ukivuta vumbi la teluri, pumzi yako inanuka kitunguu saumu kwa majuma, mswaki haufui dafu.

Profesa akafungua madirisha yote. "Uliufungulia mezani."

"Zile glavu zinanibana, Mama. Nikasema mara moja tu..."

"Mara moja tu imejaza watu leba," akasema Mpishi.

Unga laini una ngozi nyingi, na hewa haichagui. Kila chembe ilikuwa imevaa kutu yake. Umeme ulifika mlangoni ukakuta mlango umepigwa plasta. Hapo mpishi hata awe malaika, hana la kufanya.

Profesa alimwandikia Kinu aende zahanati kwanza, ugomvi baadaye. Kisha akamrudishia Mpishi ufunguo wa tanuri bila neno. Radhi za maprofesa nazo husagwa laini sana, huzioni kwa macho.

Kinu akasimama mlangoni, machozi yakimlenga. "Shemeji, nilikuona unasulubiwa nikanyamaza. Nisamehe."

Alipiga hatua amkumbatie. Mpishi akarudi nyuma hadi ukutani.

"Nimekusamehe, mama, kwa moyo wote. Ila baki huko huko."