Hasira Imepunguzwa

Mtakwimu wa ofisi ya mipango miji aliweka kikombe cha chai juu ya faili, akawasha kompyuta, na mtaa mzima ukaandamana kwenye skrini. Ulikuwa mtaa wa mfano tu, wakazi wake vidoti. Kazi yao ilikuwa kuonyesha watu watafanya nini barabara mpya ikipita juu ya nyumba zao. Taarifa za tabia za wakazi zilikuwa haba, hivyo kila kidoti alikipa tabia za mkazi mmoja anayemjua vizuri: mama yake mzazi. Hapo ndipo alipokosea. Mama yule hakuwahi kunyamaza hata mbele ya daktari wa meno.

"Watu wako wana vichwa vigumu," Mkurugenzi alisema akichungulia. "Waziri anataka utulivu. Punguza hasira."

Alipunguza. Vidoti vikatulia tuli, na Mkurugenzi akaipeleka ripoti juu mwenyewe.

Jioni mtakwimu alipompitia mama yake, alimkuta akimchotea maji jirani ambaye hawakuwa wamesalimiana naye tangu ugomvi wa ukuta. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Hata mbwa walipishana kwa adabu. Mtakwimu alielewa mara moja kwamba hasira aliyoipunguza kwenye skrini imepungua mtaani, na kusema kweli alifurahi kula bila kufokewa. Hasira angeipandisha Jumatatu.

Tingatinga lilifika Jumamosi. Mama alimfungulia dereva geti.

"Karibu, mwanangu. Anzia jikoni, ukuta wa huko una ufa, hutapata tabu."

Akamshikia na koti.

Mtakwimu alikimbia ofisini roho mkononi, akapandisha hasira hadi mwisho, akarudi mbio. Tingatinga lilikuwa limeshaondoka. Redio ya jirani iliwasifu wakazi kwa ushirikiano wao. Mama alikaa juu ya godoro, kando ya kifusi, amefura.

"Ulikuwa wapi wewe? Nyumba ya marehemu baba yako inaangushwa, wewe hujulikani uliko! Na mimi nani kanituma nimfungulie yule mtu?"

Walibeba godoro, mmoja mbele mwingine nyuma, mama akimfokea njia nzima hadi nyumbani kwa mwanawe, naye mtakwimu akalia machozi ya kweli.

Jumatatu Mkurugenzi alileta ramani ya mtaa wa pili. Ulikuwa ule anaoishi mtakwimu. Huyu alisimama ili akatae, amtolee uvivu mbele ya ofisi nzima.

"Hakuna shida, mkuu," alisema, akamvutia kiti.

Mkurugenzi alikuwa ameshajifunza kupunguza hasira kwenye kompyuta mwenyewe.