Mwito wa Tatu

Mke wangu ana sauti, na nasema hivyo bila kumwomba mtu radhi. Yeye ni karani wa mahakama. Kazi yake mojawapo ni kusimama mlangoni na kuwaita wenye kesi waliojazana ukumbini, na akiita, hata aliyetoka kununua maji nje ya geti hurudi mbio. Wenzake wamempa jina la Kipaza. Mimi fundi makochi wa mtaa wa nyuma najivunia jina hilo utadhani nimelitunga mwenyewe.

Basi Kipaza akaamua kugombea udiwani. Kanuni za kazi zilimruhusu kubaki karani mpaka chama kitakapompitisha. Nikamwambia vizuri sana, tushike zote mbili, chama kikikukataa kazi ipo. Wale wa mshika mbili moja humponyoka waseme watakavyo. Sisi tulikuwa tunakula kwa mshahara wake, maana makochi siku hizi watu huyakalia mpaka spring ziwachome.

Asubuhi moja nikampeleka mama yangu mahakamani kula kiapo cha kitambulisho kilichopotea. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Kando yetu alikuwepo fundi bomba aliyevaa fulana yenye picha ya mke wangu kifua kizima. Mbele yetu alikaa muuza mbao, mzee mwenye uso wa ndimu, mpiga debe mkubwa wa mpinzani wetu. Hao wawili walikuwa wanashtakiana kwa ajili ya mpaka wa kiwanja.

Mlango ukafunguliwa, Kipaza akatokeza na kuita kesi yao. Mama alikuwa hajawahi kumsikia mkwewe kazini, akashindwa kujizuia. Akapiga vigelegele, humo humo mahakamani!

"Diwani wetu huyo!" fundi bomba akadakia.

Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena kichwa kikanivimba.

Muuza mbao akasimama, akakunja karatasi zake, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Pale mtu huitwa mara tatu. Asipoitika mara ya tatu, karani humwambia hakimu kwamba hayupo, na kesi inaweza kuamuliwa bila yeye. Kipaza akaita mara ya pili. Sauti ilikuwa ileile, lakini namjua mke wangu, uso ulikuwa umemshuka. Mara ya tatu hakuita. Alitupita pale kwenye benchi, akamfuata yule mzee mpaka getini, nami nyuma yao.

"Mzee, rudi. Kesi yako inaitwa."

"Inaitwa na nani? Na yule aliyeko kwenye fulana ya adui yangu?"

"Mimi siamui kesi, mzee. Anaamua hakimu."

"Hakimu anasoma faili, mama. Na faili nani analitunza? Leo likipotea, nitamlilia nani?"

"Sijawahi kupoteza faili la mtu."

"Nakuamini," akasema muuza mbao. "Lakini mimi nitalalaje?"

Nikasubiri ampe jibu. Kipaza huwa hakosi jibu, mimi ni shahidi. Safari hii akasema tu, "Nakuomba unisubiri hapa."

Akarudi ndani. Nilimkuta mbele ya hakimu, akivua kitambulisho cha kazi shingoni.

"Kanuni bado inakuruhusu," hakimu alikuwa akimwambia.

"Najua, mheshimiwa. Lakini yule mzee anaogopa kuingia kwa sababu yangu. Barua ya kuacha kazi nitaileta leo leo."

Akamkabidhi karani mwenzake funguo za chumba cha mafaili. Nikarudi kukaa kwenye benchi, nikamweleza mama. Akanishika mkono.

"Mwanangu, mzuie! Na chama kikimkataa?"

"Tutakuwa tumekosa vyote, mama."

"Sasa mbona umekaa tu?"

Nilikuwa nimeogopa. Ila sikuinuka kumzuia. Nilitaka kuona mwisho wake.

Kipaza akarudi getini, mikono mitupu, nami nikamfuata.

"Mzee, mimi si karani tena. Mwenzangu ndiye atakayekuita mara ya tatu. Ana sauti ndogo huyo, kakae karibu na mlango."

Muuza mbao akazitoa karatasi zake mfukoni.

"Kura yangu huipati."

"Usinipe. Wahi kesi yako."

Akaenda, haraka kuliko umri wake. Askari wa getini alikuwa anamkagua mtu mkoba. Nikamgusa bega, na wala hakuwa ameniuliza kitu.

"Unamwona yule?" nikamwambia. "Yule ni mke wangu."