Tawi Kutoka Ghorofa ya Chini

Watu wa kiwanda cha nyuzi walimwita Katibu, na jina likamganda hata baada ya kiwanda kufungwa na chama cha wafanyakazi kufa kifo cha kimyakimya. Uenyekiti hakuwahi kuutaka. Mwenyekiti huongea, katibu hukumbuka, na yeye alikumbuka yote: nani alisimama nje ya lango siku zote za mgomo, nani alikuja mara moja halafu akashikwa na mafua ya ghafla, na nani aliinamisha kichwa akaingia ndani kuwawashia mabwana mitambo yao. Shule aliiacha mapema. Alichokijua alikisoma mwenyewe, amesimama kando ya mashine, kitabu amekifunika kwa gazeti.

Mkewe alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba viwili ghorofani, binti mmoja aliyeolewa mji mwingine, na ua la kutambaa.

Muuza miche aliliita aivi. Lilikaa kwenye chungu juu ya kabati la vyombo, karibu na dirisha, vitawi vyake vikining'inia mpaka usawa wa meza. Majani yalikuwa na pembe kama nyota, kijani katikati na kingo nyeupe, utadhani kila moja lilichovywa kwenye maziwa likatolewa haraka. Marehemu hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini kwa ua hilo alikuwa na sheria. Usimwagilie kwa kufuata kalenda. Chomeka kidole kwenye udongo, ukiona umekauka ndipo ulete maji. Lipe mwanga, lakini jua kali lisilipige. Lioshe majani juu na chini, maana utitiri hujibanza upande wa chini na nyumba ikiwa kavu huzaana ovyo. Na likichipua tawi la kijani kitupu, lisilo na weupe hata chembe, shika mkasi ukate bila huruma, la sivyo litawameza wenzake.

Sheria zote Katibu alizifuata kama vifungu vya katiba ya chama, isipokuwa hiyo ya mwisho. Hiyo ilimkwama kooni.

Alikuwa amesoma kwenye kitabu cha maktaba kwamba kijani ndicho kinachopika chakula cha jani. Ule weupe haupiki kitu, unalishwa tu. Alifunga kitabu pale pale. Kwa hiyo mweupe amekaa pembeni anapendeza, kijani anatoka jasho, na anayekatwa ni kijani, kosa lake kufanya kazi kwa bidii? Alimpelekea mkewe shauri hilo kwa sauti ya mkutanoni. Mkewe alicheka, akamwambia hilo ni ua, si kiwanda, akaendelea kukata.

Baada ya mazishi, tawi la kwanza la kijani kitupu lilipochomoza, Katibu alilisogelea na mkasi mkononi. Alisimama. Kisha akaurudisha mkasi kwenye droo.

"Fanyeni kazi, ndugu zangu," aliyaambia majani. "Humu ndani hamkatwi tena."

Hakuwa na mwingine wa kumwambia kitu. Asubuhi aliwajibu watangazaji wa redio, akiwapinga hoja kwa hoja, na redio ikawa haimsikilizi kama vile mabwana walivyokuwa hawamsikilizi. Jioni aliyageukia majani. Yale ya kijani yalinenepa, yakarefuka, yakafunika dirisha. Moyo wake ulifurahi kama zamani alipoona wanachama wapya wakipanga foleni. Hakuangalia kilichokuwa kikitokea nyuma, kivulini, ambako vitawi vyenye kingo nyeupe vilikuwa vinakonda kimoja kimoja.

Ndipo binti yake akapiga simu. Hatimaye walikuwa wamepata nyumba yao, na Jumapili angekuja kumwona. Alikuwa na ombi moja.

"Nataka tawi la ua la Mama, Baba. Lile lenye kingo nyeupe. Aliniahidi nikipata dirisha langu mwenyewe."

"Lipo," alisema Katibu. "Njoo tu."

Alikata simu, akapanda kiti, akapekua. Kijani. Kijani. Kijani. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, alikuta kitawi kimoja cha rangi mbili, na alipokigusa kikapukutika mkononi kama karatasi iliyoungua. Alibaki juu ya kiti, vumbi la majani kiganjani. Alikuwa amewatetea wanyonge, na katika kuwatetea amefuta kitu pekee ambacho mkewe alikilea kwa mikono yake. Binti yake hakuwa akimwomba nyumba wala shamba. Aliomba tawi.

Alikwenda kwa muuza miche wa kona. Mama huyo alisema aina hiyo imemwishia. Yapo ya plastiki, mazuri, hayataki hata maji. Katibu alimjibu kwamba viongozi wa namna hiyo ameshatawaliwa nao, asante. Mama alicheka, kisha akamshangaa.

"Lakini mzee, si lipo hapo hapo kwenu? Dirisha la yule fundi wa vyerehani, ghorofa ya chini, limejaa tele."

Katibu hakulijua dirisha hilo, kwa sababu tangu mgomo alikuwa akilipita uso ameugeuzia barabarani. Fundi ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mitambo pale kiwandani. Ndiye aliyeinamisha kichwa akaingia. Bila yeye mashine zingebaki bubu, na mabwana wangekuja mezani. Ndivyo Katibu alivyoamini, na ndivyo alivyowaambia watu wakati wote huu. Baadaye mabwana wenyewe walifunga lango, wakauza mitambo, wakaondoka, na hakuna aliyewaita wasaliti. Neno hilo lilibaki kwa Fundi. Nyumba za kupanga zilikuwa zimewakutanisha jengo moja tangu kabla ya mgomo, na sasa kwenye ngazi walipishana kama watu waliobeba kabati, kila mmoja akijibana ukutani.

Jumamosi alasiri Katibu alipiga moyo konde, akashuka, akagonga.

Fundi alifungua akiwa na bisibisi mkononi, miwani juu ya paji la uso. Alikuwa amezeeka vibaya, na Katibu alijikuta hafurahii.

"Karibu, Katibu."

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu msibani. Hakuingia. Juu ya bega la Fundi aliliona ua, limemwagika dirishani hadi sakafuni, kingo zake nyeupe kila mahali.

"Nimekuja kuomba tawi la ua lako."

"Si langu. Ni la mkeo. Alilipandikiza hapa mwenyewe." Fundi alikwenda kutafuta mkasi, akaendelea kuongea akiwa amempa mgongo. "Ulikuwa ukienda maktaba, yeye anashuka. Analikata, analiosha, tunakunywa chai, anapanda."

Katibu alishika fremu ya mlango. Aliuliza tangu lini. Fundi alijibu kwamba tangu wao wawili walipoacha kusalimiana.

"Alikuwa akinisema?"

"Wewe? Hapana. Tulizungumza mambo ya kawaida tu. Mvua. Huyu binti yenu. Magoti yake."

"Magoti gani?"

Fundi aligeuka, akamtazama. "Yalikuwa yanamsumbua kwenye ngazi. Akifika hapa hukaa kwanza, ayasugue. Hukujua?"

Katibu, aliyekumbuka majina ya kila mtu aliyesimama nje ya lango, hakujua. Fundi alichagua vitawi vizuri, akavikata chini kidogo ya fundo ambako mizizi huchomozea, akavifunga kwa kitambaa kibichi.

"Sijasahau lile lango," alisema Katibu alipovipokea.

"Sijakuomba usahau."

"Kwa nini uliingia?"

"Ungeniuliza siku ile, ningekujibu," alisema Fundi, akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Jumapili binti alikuta vitawi kwenye glasi ya maji, dirishani. Alivigusa kingo zake. Kisha akakiona chungu kile cha kabatini na kichaka chake cha kijani, akauliza kulikoni. Katibu angeweza kudanganya, na uongo alikuwa ameshauandaa, lakini alimwambia yote: kitabu cha maktaba, jasho la kijani, mkasi uliorudishwa kwenye droo. Binti alicheka mpaka akajifuta machozi, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Basi vitawi hivi amevitoa wapi, aliuliza.

"Kwa huyo wa chini."

"Kwa Mjomba?" Uso wake ulichanua. "Hajambo? Mimi na Mama tulikuwa tukienda kwake tangu niko shule. Twende tukamsalimie."

Mjomba. Katibu alilisikia neno hilo likipita sebuleni mwake kama mgeni anayeijua njia. Alisema aende tu, yeye magazeti yanamsubiri.

Binti alishuka mbio. Mlango wa chini ulifunguka, na sauti ya Fundi ikapanda, changamfu, sauti ambayo Katibu hakujua kwamba mtu yule anayo. Halafu vicheko. Katibu alifungua mlango wake, akatoka kwenye ngazi ili asikie vizuri, akashika reli. Alishuka ngazi moja. Alibaki hapo, anasikia sauti bila kuyapata maneno, hadi aliposikia viti vikisogezwa huko chini. Akarudi ndani upesi, akaketi, akafungua gazeti, ili binti yake amkute pale pale alipomwacha.