Farasi wa Kunong'onezwa

Lorna Tueller alikuwa ameapa kwamba leo hatagusa hatamu, hata farasi wakimpeleka kuzimu. Alizifunga kwenye nguzo ya mbele ya sleji, lile gari la kuteleza juu ya theluji, akakaza fundo, akarudia kulikaza, kisha akamgeukia baba yake. Mzee Verdell alikuwa ameketi juu ya robota la nyasi kavu, mguu wenye plasta ameunyoosha mbele kama mpini wa shoka.

"Umeona, baba? Nimefunga."

"Nimeona. Na jicho langu halibanduki hapo. Ukizigusa tu, habari imekwisha."

Mapatano yalikuwa ndiyo hayo. Kila majira ya baridi serikali ya jimbo ilimlipa Verdell awalishe elki wa bonde lile, ili wale kulungu wakubwa wa milimani wasishuke kuvamia nyasi za wafugaji. Wiki iliyopita aliteleza kwenye barafu mlangoni pa zizi, mguu ukavunjika. Lorna akaitaka kazi. Baba akasema farasi wake hawamtii mtu mwingine, heri wauzwe. Walibishana jikoni mpaka maharage yakaungua, na mama Ardith akawafukuza wote wawili kwa mwiko. Mwisho wakapatana: Jumamosi, ukoo utakapokuja kutazama elki kama ilivyo desturi yao kila baada ya Krismasi, Lorna ndiye ataendesha. Akizunguka konde, akawalisha elki, akarudi bila kugusa hatamu wala kuwatimua wanyama, kazi ni yake na farasi ni wake. Akishindwa, farasi hao, Pearl na Samson, wanakwenda kwa mnunuzi mmoja wa mbali, ng'ambo ya milima.

Hapo kwenye mnunuzi wa mbali ndipo Lorna alipokuwa haelewi. Jirani yao Orval aliwatamani farasi hao miaka nenda miaka rudi, na Verdell hakutaka hata kulisikia jina lake. "Ukimuuzia jirani farasi wako utawaona kila siku, na roho itakuuma," alisema. Neno zuri, ila Verdell hakuwa mtu wa kuumwa roho. Hata mbwa wake alipokufa alisema tu kwamba sasa paka atapumua.

Na suala la hatamu halikuwa kiburi tu. Mlishaji aliyeshika hatamu hana mikono ya kulisha. Kazi yenyewe ni kusimama katikati ya marobota na kumwaga nyasi kwa uma huku na huku, na farasi wanatembea wenyewe, wakigeuzwa kwa neno. Jii, wanakwenda kulia. Haa, wanakwenda kushoto. Lorna alifundishwa hayo na mjomba wake Arlo akiwa mtoto, na nyumbu wa Arlo, wakaidi jinsi walivyokuwa, hawakuwahi kumkosea adabu. Lakini hawa wa baba! Tangu Jumatatu alipoanza kuwaendesha, walimfuata vizuri kila palipokuwa na alama za jana kwenye theluji. Pasipokuwa na alama, alifungua mdomo tu wakaanza utundu, naye ikabidi adake hatamu kabla hawajafika popote. Aliona wanampima, kama wanafunzi wanavyompima mwalimu mgeni.

Baba yake kwao alikuwa jambo jingine kabisa. Bonde zima lilimsifu. Wengine hubweka, Verdell hunong'ona. Aliinama mbele, ndevu karibu ziguse mkia wa farasi, akasema neno moja ambalo hakuna aliyelisikia, na farasi wakageuka taratibu kama mlango uliopakwa mafuta. Wageni walimpiga picha. Askofu alimtolea mfano kanisani siku ya somo la upole.

"Basi mnapanda au hampandi?" Lorna aliwaita wengine.

Kaka yake Kendell, muuza bima wa mjini, alipanda akitweta, na mke wake Shaylene akafuata na simu mkononi. Kati yao alikaa binti yao Oaklee, amefungwa shali mpaka yakabaki macho.

"Shangazi, elki wanauma?"

"Hawaumi. Lakini hakuna kusimama na hakuna kushuka. Sisi na sleji na farasi, wao wanatuona mnyama mmoja mkubwa asiye na madhara. Mtu akishuka kwa miguu yake miwili, wanamwona mwindaji, na wote wanakwenda."

"Mnyama mmoja," Kendell alisema. "Basi mimi ni tumbo."

"Wewe ni mkia, kaka. Huna kazi."

"Wifi, ungekuja kuishi kwetu," Shaylene alisema. "Nyumbani hakuna anayemwambia."

Verdell alikuwa akitazama masikio ya farasi.

Waliondoka. Minyororo ililia, sleji ikateleza juu ya theluji mpya. Usiku ulikuwa umemwaga theluji nyingi, na Lorna aliona mapema kwamba alama zake za jana zilikuwa zimebaki upande wa karibu tu, penye kinga ya misonobari. Hata hivyo alishika uma wake, akafungua robota la kwanza, akaanza kumwaga.

Na elki wakaja. Walitoka mlimani kwa mstari mrefu, mvuke ukiwatoka puani, migongo imeshika barafu nyeupe. Mbele majike wazee wenye sura za kina mama wasiopenda upuuzi, katikati ndama wa mwaka, na nyuma kabisa madume, wakijidai hawana haraka. Majike walipiga miluzi myembamba kuwaita wana wao. Dume moja lenye pembe iliyovunjika upande mmoja lilikuja mpaka karibu na sleji, Shaylene akasahau kupiga picha. Lilitafuna nyasi likiwatazama kwa dharau, na pua yake ilikuwa pana na nyeusi na yenye maji. Pembe za madume wengine ziligongana kwa mlio mkavu kila walipogombea fungu moja. Oaklee aliacha kuuliza maswali. Hata Kendell alinyamaza, na kumnyamazisha Kendell si kazi ndogo.

Lorna alifurahi, akajisahau kidogo. Aliwapenda wanyama hawa tangu akiwa mdogo kuliko Oaklee, naye hakutaka kazi nyingine duniani. Ndipo alama za jana zilipokwisha.

Mbele kulikuwa na vichaka, na upande wa kulia, chini ya theluji laini isiyoonyesha kitu, kulikuwa na kijito chenye barafu nyembamba. Hapo lazima kukata kushoto.

"Haa!" aliita.

Pearl na Samson walikata kulia.

"Haa! Haa, nimesema!"

Wakazidi kukata kulia. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye fundo la hatamu, akaurudisha.

"Lorna," Kendell alisema, "kile si kijito kile?"

"Najua kijito kilipo!"

"Nishuke niwakamate?"

"Kaa chini! Ukishuka elki wote wanakimbia."

"Bora elki wakimbie kuliko mwanangu azame!"

Alikuwa amesema kweli, na Lorna alilijua hilo. Atafungua hatamu. Atapoteza kazi, atapoteza farasi, basi. Alivuta glavu kwa meno ili afungue fundo, na katika kitambo hicho cha kuinama akasikia mnong'ono karibu na sikio lake. Baba yake alikuwa amejikokota mbele juu ya robota, mkono mmoja umemshika Oaklee kifuani.

"Jii," Verdell alinong'ona. "Jii, wanangu. Jii."

Farasi wakageuka kushoto. Taratibu, kama mlango uliopakwa mafuta. Sleji ikapita kando ya vichaka, kijito kikabaki nyuma.

Lorna alibaki ameinama, glavu ikiwa mdomoni. Jii ni kulia. Watoto wachanga wa bonde lile wanajua kwamba jii ni kulia. Alimtazama baba yake, na baba yake akatazama mlima.

Alitema glavu. Alinong'ona, "Haa."

Farasi wakaenda kulia, wakanyooka tena kufuata konde.

"Alaa," Lorna alisema polepole. "Alaa!"

"Nini?" Kendell aliuliza kutoka nyuma. "Wamekubali?"

Verdell aligeuza uso. Lorna hakuwahi kuyaona macho hayo yakiomba, wala hakujua kwamba yanaweza. Hasira ilimpanda. Angeweza kusema pale pale, kila mtu akasikia. Badala yake aliokota uma.

"Wamekubali," alisema. "Tazameni elki wenu."

Alimwaga nyasi kwa nguvu mpaka dume lenye pembe iliyovunjika likarudi nyuma hatua kadhaa. Kisha akaja kusimama karibu na baba yake kana kwamba anafungua robota jingine.

"Tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa," Verdell alisema kwa sauti ya chini. "Nilijifundisha peke yangu. Baba yangu alikuwa mtu wa trekta. Nilipogundua nimegeuza maneno, farasi alikuwa ameshazoea. Na yule mchanga aliyefuata nilimfunga ubavuni mwake ajifunze. Na mwingine ubavuni mwa huyo."

"Na ukaanza kunong'ona."

"Ningefanyaje? Watu wangecheka."

"Askofu akakuhubiri, baba. Kanisani! Nawe umekaa kiti cha mbele unainamisha kichwa."

"Niliinamisha kwa aibu."

Siku nyingine Lorna angecheka mpaka aanguke kwenye nyasi. Sasa alishindwa. "Ndiyo maana unataka kumuuzia mtu wa mbali. Orval angejua siku ya kwanza."

Verdell alivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Ungeniacha niamini kwamba mimi ndiye sifai. Wiki nzima nalala nikijiuliza farasi wameona nini kibaya ndani yangu. Nawe unaniangalia."

"Ndiyo," alisema mzee. "Nilikuwa nakuangalia."

Lorna alirudi kwenye kazi yake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na huyu alikuwa amewavisha uchi wake hata farasi. Alimaliza marobota yote. Alizunguka konde lote, akiinama na kunong'ona neno la kinyume kila penye kona, na elki walijipanga nyuma ya sleji kwa mistari, wakila, hakuna hata ndama aliyeshtuka. Shaylene alipiga picha mpaka simu ikazimika kwa baridi.

"Tazama anavyonong'ona!" Kendell alisema. "Baba mtupu! Haya, dada, nimekubali. Umerithi."

Lorna aliuma meno. Sifa ile ilimchoma kuliko matusi.

Walipofika uani, mama Ardith alikuwa mlangoni na aproni yake, na harufu ya mikate ya mdalasini ikawaita wote ndani. Kendell alimshusha Oaklee. Verdell alifungua hatamu kutoka kwenye nguzo kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi binti yake.

"Hujazigusa. Nimeshuhudia. Farasi ni wako, na kazi ni yako."

"Asante, lakini sikiliza," Lorna alisema. "Leo nimekufichia kwa sababu ulimshika mtoto kwanza, aibu ukaiweka nyuma. Kesho sikufichii. Mimi siwezi kunong'ona mpaka nizeeke. Nitasema kwa sauti, na atakayecheka acheke."

"Watakuuliza kwa nini unasema kinyume."

"Nitawaambia ndivyo farasi walivyofundishwa na baba yangu."

Verdell alizitazama hatamu mikononi mwa binti yake, kisha akawatazama watu wake waliokuwa wakielekea mlangoni wakikung'uta theluji. Uso ulimwiva mpaka masikioni.

"Kendell!" aliita. "Shaylene! Msiingie kwanza. Njooni mtazame namna ya kuingiza farasi zizini."

Zizi lilikuwa upande wa kulia. Kushoto kulikuwa na rundo la theluji ambalo Ardith alikuwa amelirundika asubuhi kwa koleo, na kamba yake ya kuanikia nguo. Wote walisimama. Mzee hakuinama safari hii. Alikaa wima juu ya robota, akajaza kifua hewa, akapaaza sauti ambayo hakuna mtu bondeni aliyewahi kuisikia akiwatolea farasi.

"Jii!"

Pearl na Samson walisimamisha masikio kwa mshangao wa kupigiwa kelele, halafu, kwa utii wao wote, wakageuka kushoto, wakapita chini ya kamba, wakatia pua zao kwenye rundo la theluji na kusimama hapo. Taulo moja lililoganda lilibaki kichwani mwa Samson.

Kendell akaanza kutabasamu, polepole, kama mtu anayehesabu.

"Baba," alisema, "jii ni kulia. Hiyo ni kushoto."

"Najua," Verdell alisema, kwa sauti kubwa vile vile. "Miaka mingi nimejua. Dada yako ndiye aliyekuwa hajui kwamba farasi hawa niliwafundisha kinyume, na kosa lilikuwa langu."