Prosesa au Kadi ya Ameir

Ameir wa Wete alipofika Guangzhou, Uchina, kusomea ujenzi, mwaka wa elfu mbili na tano huo, mwaka mzima hakuwa na mtu. Si kwamba watu walimchukia, hata. Mpole mno yule kijana. Ataingia bwaloni, atakula wali wake pembeni, atanyanyuka. Ukitaka kuisikia sauti yake, usubiri aazime chumvi.

Sasa mwaka wa pili akanunua kompyuta, mkono wa pili lakini nzima, ya kuchezea mpira wa kwenye kioo. Lo! Tangu hapo kila Jumamosi chumba chake kama nyumba ya harusi. Viatu mlangoni mpaka kwenye ngazi, Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili watatu, kila mtu anamwita, Ameir huku, Ameir kule, Ameir lini zamu yangu. Naye hachezi sana. Anakaa kitandani na birika la chai, anawatazama, roho yake baridi.

Halafu ile kompyuta ikaanza kukokota. Mnaanza vizuri, dakika kumi, kumi na tano, mara wachezaji wanakimbia kama wamekanyaga lami ya moto ikawaganda miguu. Mtu anapiga shuti, mpira unafika kesho. Watu wakaanza kuguna. Na George wa ghorofa ya tatu naye kanunua kompyuta mpya, ana chumba kikubwa, ana sofa. Ameir akaona wazi: hii isipopona, ile sauti ya viatu mlangoni hataisikia tena.

Pesa alikuwa nazo kidogo. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yalipokuja, alimtafsiria mama mmoja Mkenya, Mumbua, mfanyabiashara wa nguo, akamfuata mpaka Xintang kwenye viwanda vya jinzi. Ujira ule unatosha kubadilisha kitu kimoja tu ndani ya kompyuta. Kimoja. Na wajuzi walikuwa wawili.

"Prosesa," akasema Humphrey, mtu wa Moshi, anayesoma kompyuta na asiyemwacha mtu asahau. "Prosesa ndiye mpishi. Wachezaji ishirini na wawili, refa, jukwaa zima la watu, wote wanamsubiri mpishi mmoja. Kachoka huyo."

"Wacha hizo, maze," akasema Tony wa Nairobi. "Ni kadi ya picha. Mpishi hata akipika aje, kama anayepakua ana kijiko cha chai, watu watalala njaa. Buda, nunua kadi."

"Wewe Tony unasoma biashara. Kompyuta umeijulia wapi?"

"Nimeijua nikikufunga mabao manne."

Ameir akimsikiliza Humphrey anaona prosesa. Akimsikiliza Tony anaona kadi. Wiki mbili hivyo, hata usingizi haumkai. Mwisho Humphrey akasema tupime basi, tuache ubishi: tupunguze ukubwa wa picha kwenye kioo, kazi ya kadi iwe nyepesi. Mchezo ukienda mbio, kosa ni la kadi. Ukikokota vilevile, prosesa. Wakapunguza, sura za wachezaji zikawa kama vibonge vya ugali. Dakika kumi na tano, ikakokota vilevile.

"Mpishi!" Humphrey akapiga kofi ukutani.

Kesho yake wakalibeba kasha lote kwenye mkoba wa magurudumu mpaka soko la kompyuta la Tianhe. Muuzaji mmoja, msichana wa Kichina mwenye miwani, akaliunga pale mezani, akawasha, akacheza mwenyewe. Nusu saa. Mpira unateleza kama samli kikaangoni.

"Mei wenti," akasema yule msichana, yaani haina tatizo. Humphrey akatoka jasho. Akamwambia Ameir amtafsirie, mwambie inakokota, tumepima! Yule msichana akacheka, akachomoa nyaya. "Nikikuuzieni prosesa leo, kesho mtanirudia mnanigombeza. Nendeni nayo."

Basi wakarudi nayo, kila mtu kanuna kivyake. Jumamosi ikawadia, watu wakajaa, na Humphrey yuko fainali. Dakika ya tisini, yuko peke yake na kipa, ikaganda. Ilipozinduka mpira uko kwa kipa. Humphrey akakiweka chini kidude cha kuchezea, taratibu, akasema, "Jamani, twendeni kwa George." Wakavaa viatu. Hakuna aliyemtukana Ameir, na hilo ndilo lililomuuma.

Akabaki na birika lake. Haukupita muda, mlango ukagongwa. Mumbua huyo, kafuata karatasi za mzigo wake alizompa azitafsiri.

"Kwani kuna matanga hapa?" akauliza. "Mbona umekaa hivyo?"

"Hamna kitu, mama."

"Hamna kitu na uso umekunjamana kama shati la mitumba. Sema."

Akamwambia yote, prosesa, kadi, George. Mumbua anaitikia mh, mh, lakini macho yako kwingine. Mwenye kuuza nguo ni hivyo, akiona kitambaa mkono hautulii. Na pale pembeni kasha la kompyuta limevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, maua na ndege, kile ambacho mama yake Ameir, aliposikia mwanawe kanunua kompyuta, alimletea kutoka Wete kwa mkono wa mtu. Kwao redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, kochi lina kitambaa. Mtoto wa watu ataacha mashine uchi? Mama yule hakufanya mchezo. Kakishonea bitana ya satini ndani, kakifanya kirefu mpaka chini. Na Guangzhou siku zile inajengwa kila upande, vumbi linaingia hata dirisha likifungwa. Ameir alikuwa hakitoi usiku wala mchana.

"Kazi safi hii," akasema Mumbua, akikishika. "Na bitana tena... Woi!" Akauvuta mkono. "Wewe! Unapikia nini humu ndani?"

Ameir akashika. Moto. Kitambaa kimeziba tundu zote, huku ubavuni na kule nyuma kwenye feni. Kule dukani kasha lilikuwa halina kitambaa. Akakivua. Wakafungua dirisha, wakangoja, akawasha. Robo saa. Nusu saa. Mumbua naye akacheza, akafungwa saba, na haikukokota hata mara moja.

Alipoondoka, Ameir akakikunja kitambaa vizuri, akakilaza juu ya mto. Akatoka kupanda ngazi. Na njiani akautunga uongo, maana alijua watakavyomcheka: nimenunua prosesa mpya, njooni. Maneno manne. Nani atauliza? Humphrey atafurahi, Tony atabisha, mambo yataisha.

Kwa George kelele tupu. Alipoingia wakatazamana kama watu waliokamatwa wanakula mwezi wa Ramadhani.

"Kompyuta imepona," akasema.

"Umenunua prosesa!" Humphrey akaruka. "Niliwaambia, niliwaambia!"

Uongo ule ukaja wenyewe mpaka mlangoni, ukamngoja aitikie tu. Ameir akamtazama Humphrey, akaona haya.

"Sijanunua kitu. Wee ulisema kweli, mpishi ndiye. Ila mie nilimfunika blanketi." Akawaeleza, kitambaa, bitana, feni. "Mama kanifumia. Sikupata kufikiri."

Tony akaanza kucheka, kutoka tumboni, akajitupa chini kwenye zulia. "Bitana! Ya satini! Maze, hiyo mashine ilikuwa bi harusi!" Wote wakafa kwa kicheko, mpaka Humphrey, mpaka Ameir mwenyewe, meno yake yote nje, ambayo wengine walikuwa hawajawahi kuyaona.

"Na pesa ziko?" Tony akauliza akijifuta machozi.

"Zipo."

"Basi nunua kadi."

"Kadi ya nini, wewe?" Humphrey akamgeukia. "Mpishi kaumia kwa joto miezi yote hiyo, anataka kupumzishwa! Prosesa!"

"Kadi!"

"Nani kawaambia mbishane kwangu?" akasema George. Akazima kompyuta yake, akabeba viti viwili, kimoja kila mkono. "Nendeni mkabishane kwa Ameir. Na zamu ya kwanza yangu, nimehama na viti."

Ameir akawatangulia kwenye ngazi, kwenda kuweka chai.