Nafasi Aliyoiacha Perlhuber

Mjini Sankt Wolfram hakuna aliyethubutu kupiga makofi kabla Hermine Zistler hajasimama. Hata watoto walilijua hilo. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, okestra ya mji ilipiga muziki wa piano na okestra wa Ignaz Perlhuber, mtunzi pekee aliyezaliwa hapo akajulikana ng'ambo ya mto. Muziki ukiisha, ukumbi mzima ulikaa kimya, mikono mapajani, macho yote kwenye kisogo cha Bi Zistler pale safu ya mbele. Akisimama, makofi yanamwagika. Asiposimama, shauri yako. Kuna mpiga piano mmoja wa Vienna aliyepiga mbiombio ili awahi treni. Bi Zistler alikawia kusimama hadi jamaa akaanza kujikuna shingo, na treni ikamwacha.

Haki hiyo alikuwa ameirithi. Perlhuber, alipoandika muziki wake, alifika karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza akaacha nafasi tupu. Hapo okestra inanyamaza, piano inabaki peke yake, na kwenye karatasi hakuna noti hata moja, ila alama kama jicho linalosinzia: nusu duara na nukta chini yake. Enzi zake mpiga piano alijua la kufanya. Alibuni papo hapo, lolote lililomjia. Baadaye watu wakaingiwa na woga. Ndipo babu wa baba yake Hermine, Theodor Zistler, alipoijaza nafasi ile kwa noti zake mwenyewe, akazichapisha, na tangu siku hiyo kila mtu akapiga hizo hizo. Wenyeji waliziita "Zistler" tu. Fundi bomba aliimba Zistler akiwa chini ya sinki. Kasuku wa duka la dawa aliijua nusu yake.

Sasa, Jumamosi ya kuamkia tamasha, Mersiha Hadžić alikuja kunywa kahawa kwa mwalimu wake. Hermine alimfundisha piano tangu miguu yake haijafika chini. Binti huyo alikuwa mtoto wa kwanza wa mji huo kukabidhiwa Jumapili ya Perlhuber, na wa kwanza mwenye jina lililomtoa jasho mchapishaji wa mabango, ambaye alikisahau kialama cha juu ya z, akarekebisha, akakiweka juu ya a.

"Mwalimu," alisema Mersiha, "kesho sipigi Zistler."

Kisu cha Hermine kilikwama katikati ya keki ya plamu. "Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Basi umechanganyikiwa. Ongeza maziwa kwenye kahawa."

"Nitabuni yangu, palepale jukwaani. Ndivyo Perlhuber alivyotaka."

"Alikwambia lini? Mlikutana sokoni?"

"Aliacha nafasi, Mwalimu. Angetaka noti, angeziandika. Hakuwa mvivu."

"Nafasi ilishapata mwenyewe. Anaitwa Theodor, ameketi hapo miaka mia na ushei."

"Na hajanyanyuka hata kwenda msalani?"

Kicheko kilimpanda Hermine. Akakimeza pamoja na keki, vyote viwili vikamkwama kooni, akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi.

"Na mazoezini umepiga nini?" aliuliza alipopata pumzi.

"Mazoezini hakuna anayepafika hapo. Bwana Aigelsreiter husema, 'Turuke, tuanzie kwenye mtetemo,' apate kuiwahi bia yake."

Hilo lilikuwa kweli. Mtetemo ndio ulikuwa ishara: mpiga piano akitaka kumaliza mambo yake ya peke yake, hutikisa noti mbili jirani kwa haraka, trrrrr, na okestra ikisikia hivyo hujua zamu yake imerudi. Kiongozi Aigelsreiter, mwenye fimbo, aliufanyia mazoezi mtetemo tu. Ya kabla yake waliyajua tangu wakiwa tumboni.

Hermine aliweka kisu chini. Hakuwa na mtoto, wala kaka, wala binamu. Yeye akifumba macho, jina la Zistler lingebaki kwenye kurasa zile mbili za noti na kwenye kibao cha uchochoro mmoja nyuma ya kituo cha mabasi, uchochoro usiotokea popote, wenye mapipa ya taka.

"Ukifanya hivyo," alisema taratibu, "sitasimama."

Mersiha aliacha kutafuna. Alijua maana yake. Angetoka jukwaani akisikia viatu vyake mwenyewe, mbele ya mji mzima, na aliyetoka hivyo hakualikwa tena.

"Mama amenishonea gauni," alisema. "La kijani."

"Basi usimwaibishe."

"Ndiyo maana sitaki kupiga ya kukariri." Akainuka, akafuta makombo mezani kwa kiganja kama alivyofunzwa humo humo. "Naomba kipande nimpelekee baba."

"Chukua viwili," alisema Hermine kwa hasira.

*

Jumapili ukumbi ulijaa hadi ngazini. Hermine aliketi mahali pake, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama rula. Safu chache nyuma yake walikuwepo wazazi wa Mersiha, baba kanyoa ndevu hadi kajikata, mama kashika kopo la bati lenye vitafunwa kana kwamba lina mayai.

Mwisho kabisa wa jukwaa, nyuma ya ngoma mbili kubwa za shaba, alisimama Ferdl Mooslechner. Siku za wiki Ferdl aliuza nyama. Kila Oktoba, Zistler ikianza, alisinzia kidogo wima, macho wazi kama sungura, na sikio lake lilimwamsha barabara mtetemo ulipofika. Hajawahi kukosea. Mkewe alijisifia jambo hilo hadi saluni.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Gauni la kijani lilikuwa gauni kweli. Kisha okestra ikapanda, ikasimama, ikanyamaza. Aigelsreiter akashusha fimbo, akafumba macho. Ferdl akasinzia.

Mersiha akaweka mikono mapajani, akangoja.

Halafu akagusa noti moja ya chini. Akaongeza ya pili. Ilikuwa tuni ya Perlhuber mwenyewe, ile ya mwanzo, ila imepinduliwa miguu juu. Mkono wa kulia ukauliza swali, wa kushoto ukajibu kwa ukali kama mwenye nyumba anayedai kimya. Safu ya tatu, mzee mmoja aliyezoea kuifuata Zistler kwa mguno alijikuta anaguna peke yake, akaacha njiani, akajifanya anasafisha koo.

Hermine alibana midomo. Akasema moyoni: sisimami.

Mikono ya Mersiha ikakimbia juu, ikazunguka, na kabla mtu hajajiweka sawa, ikatoa mtetemo. Trrrrr.

Ferdl akazinduka. DUM-DUM!

Peke yake. Ngoma zilinguruma ukumbi mzima kama radi iliyokosea mwezi. Aigelsreiter alifumbua macho, fimbo juu, asijue anaongoza nini. Wapiga fidla wawili waliinua pinde, wakazishusha. Ferdl aliiva uso kuliko nyama yake ya Ijumaa.

Haya, ameumbuka mtoto, aliwaza Hermine, na akashangaa kuona vidole vyake vimeukaba mkoba.

Mersiha aligeuza kichwa. Alimtazama Ferdl, akainua nyusi, na kwa mkono wa kushoto, kwenye funguo nene za mwisho, akajibu: dum-dum.

Kisha akangoja tena.

Ferdl alitazama vijiti vyake. Akamtazama Aigelsreiter, hakusaidiwa. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa karatasi ya programu. Basi akagonga, kwa aibu, polepole: dum-dum.

Juu roshani mtu alicheka. Piano ikajibu, ngoma ikauliza, piano ikaipiga chenga, ngoma ikaifukuza. Na kutoka kwenye mgongano ule Mersiha akaingia kwenye mapigo yanayochechemea: mbili, mbili, tatu. Mbili, mbili, tatu.

Hermine aliyajua. Miaka yote ile ya masomo, mama yake Mersiha alikaa kwenye ujia nje ya chumba, akimngoja binti yake, akiimba puani wimbo wa kwao wenye mapigo hayo hayo huku akikunja mifuko ya soko. Na Hermine kila mara alifungua mlango na kusema, "Mama, tafadhali, humu tunafanya kazi ya muziki." Sasa tuni ya Perlhuber ilikuwa inacheza juu ya mapigo yale. Haikuchechemea hata kidogo. Ilikaa humo kama iliyolelewa humo.

Halafu akaja Theodor.

Mersiha alipunguza sauti, na ile ngazi maarufu ya noti za Zistler, ile ya fundi bomba, ikaanza kushuka. Aliipiga vizuri, bila kejeli, kila noti ikiwa imefutwa vumbi. Ilikanyaga chini, chini, chini, na kabla ya noti ya mwisho akasimama. Mikono hewani.

Ukumbi wote uliiimba noti iliyobaki.

Hakuna aliyekuwa amepanga. Iliwatoka tu, wauza dawa na walimu na fundi bomba, mguno mmoja mkubwa. Na sauti nyembamba kuliko zote, ya safu ya mbele, Hermine aliitambua kuwa yake.

Ndipo mtetemo wa kweli ukaja, mrefu, mrefu mno. Hakuna aliyethubutu kuingia. Mersiha alimpa Aigelsreiter ishara ya kichwa, Ferdl akapiga pale pale panapotakiwa, na okestra ikaimaliza sehemu ya kwanza kwa kishindo.

Kimya. Zilikuwa zimebaki sehemu mbili nzima. Kwa desturi ya Sankt Wolfram, katikati ya sehemu na sehemu watu hukohoa, basi. Makofi hapo ni ushamba. Hermine mwenyewe aliwahi kumkazia macho mgeni wa meya hadi mgeni akaikalia mikono yake.

Lakini safari hii hakuna aliyekohoa, maana Hermine alikuwa amesimama. Alikuja kujigundua akiwa wima, mkoba umeanguka, peremende zake za mnanaa zinabingirika kuelekea jukwaani, na viganja vyake vinagongana, pa, pa, pa, peke yake katika ukumbi mzima.

Watu walichanganyikiwa. Bi Zistler akisimama, piga makofi. Katikati ya sehemu, usipige. Walitazamana kama madereva wanne waliofika njia panda kwa pamoja. Ferdl ndiye aliyeamua. Alishusha vijiti kwa nguvu zote, DUM-DUM, na ukumbi ukalipuka.

*

Nyuma ya jukwaa, baada ya yote, Mersiha alikuwa amevua viatu.

"Mwalimu, ulisimama katikati."

"Mguu uliniuma."

"Na mikono?"

"Iliufuata mguu." Hermine aliziweka sawa nywele zake ambazo hazikuwa zimevurugika. "Ule mtetemo wa kwanza, wa kumtega Ferdl. Ulikusudia?"

"Nusu," alisema Mersiha. "Nusu nyingine nilisahau kuwa analala."

"Silali!" alisema Ferdl kutoka mlangoni.

"Mwakani," alisema Hermine, "usithubutu kuipiga hii."

Uso wa Mersiha ulisawijika.

"Nimeshaisikia. Lete nyingine."

Kisha akageuka. Mama yake Mersiha alikuwa kwenye ujia, amesimama ukutani na kopo lake la bati, kimya kama alivyofunzwa kukaa kwenye ujia.

"Mama Mersiha," alisema Hermine, "ule wimbo una beti ngapi?"

"Nyingi, Bi Zistler."

"Njoo Jumamosi uniimbie. Ndani, siyo nje. Keki ipo."

"Nitakuja na yangu," alisema mama, akafungua kopo. "Yako ina sukari nyingi, mume wangu amelalamika."

Hermine alirudi nyumbani kwa miguu, akitafuna kitafunwa cha jibini, akapitia uchochoro wa nyuma ya kituo cha mabasi. Pale chini ya kibao cha Zistler alisimama, akajipigia pajani kwa kiganja. Mbili, mbili, tatu. Mbili, tatu, mbili. Akasonya, akaanza upya.