Bakuli Ndani ya Koti

Dada yangu Verlene ana mdomo, na siku ile tulipouza vyombo vya marehemu mama alikuwa amefura. Nyumba ilijaa wanunuzi, na tayari mtu alikuwa ameiba pete ya mama. Basi alipomwona jirani yetu, bibi kizee Arlys, akielekea mlangoni koti limetuna, alimzuia mbele ya watu wote.

"Hata wewe, Mama Arlys? Toa hicho!"

Arlys akatoa bakuli la kuokea.

"Si ulipe kama wenzako!"

Bibi aliligeuza bakuli, akabandua taratibu kibandiko cha bei alichokiweka Verlene. Chini yake palikuwa na utepe wenye jina la Arlys, kama tunavyoandika sote hapa Iowa, Marekani, tunapopeleka chakula msibani. Bakuli hilo ndilo alilotuletea viazi siku ya mazishi. Tulikula, tukasahau kulirudisha.

Verlene alinong'ona, "Sasa kwa nini ulificha, mama? Si ungesema tu?"

"Ningesema vipi, mwanangu, na watu wote hawa? Wangejua unauza cha mtu."